Shingo ya Afisa Lihumbo

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Naliweka hili mbele kabisa, kabla hujavuta kiti, kwa sababu sikujui wewe ni nani wala umetumwa na nani kuja kusoma. Ukiona humu mtaa unaofanana na wa kwenu, basi mafundi wameigana. Ukiona waziri anayefanana na wa kwenu, nakuomba uniondolee balaa, fumba macho upite. Mimi ni mtu wa maua. Kazi yangu katika Televisheni ya Taifa ilikuwa kupanga maua ya plastiki nyuma ya waimbaji, kuyafuta vumbi na kuyarudisha kabatini, na mtu wa maua hana maoni juu ya jambo lolote.

Tuendelee, ila kaa ninapokuona.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, video ya muziki ilianza kama yalivyoanza mambo mengi ya serikali, yaani kwa pazia. Lilikuwa pazia la kahawia kwenye studio moja, mbele ya kamera iliyokuwa nzito kiasi kwamba haikusogezwa. Kilichosogezwa ni bendi. Wanamuziki walipangwa kama watu wanaopigwa picha ya harusi, wakafunguliwa wimbo wao uliokwisha kurekodiwa, nao wakaigiza. Magitaa hayakuchomekwa popote. Mpiga tarumbeta alijaza mashavu bila kutoa pumzi. Mpiga ngoma alikatazwa kuzigusa ngoma, akawa anapunga mikono juu yake kwa upole, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani huku jirani mwenyewe anamwangalia. Taifa zima lilikaa mbele ya televisheni chache zilizokuwepo likatazama watu wakijifanya wanaimba, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa taarifa ya habari ilifuata mbele ya pazia hilohilo.

Mambo yaliharibika siku mwimbaji mmoja alipotabasamu. Alikuwa anaigiza ubeti unaohusu pamba, na katika pamba hakuna cha kuchekesha. Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa mezani anakula, akaliona lile tabasamu, akasukuma sahani. Akauliza huyu anacheka nini. Mwimbaji aliitwa, akaeleza kwamba kuna kitu alikikumbuka. Alipoulizwa amekumbuka nini, akasema amesahau.

Hapo ndipo serikali ilipong'amua kwamba maneno ya wimbo yanaweza kukaguliwa yote yakawa safi, lakini uso wa anayeimba ukabaki na mambo yake. Ikaundwa Wizara ya Utulivu wa Picha. Dawa waliyoileta ilikuwa rahisi na mimi sikuipinga, wala hakuna aliyeniuliza. Kila video ya muziki ilitakiwa iwe na Afisa Mtazamaji ndani yake. Si nyuma ya kamera, la. Ndani ya picha, akionekana tangu wimbo unaanza hadi unakwisha, amesimama nyuma ya waimbaji na suti ya kijivu na miwani ya jua, anatazama. Akiona jambo baya anainua mkono, kamera inazimwa. Asipoinua, wananchi majumbani wanajua kwamba wanachokitazama kimetazamwa. Alikuwa muhuri wenye miguu.

Sharti la afisa lilikuwa moja tu: aone, asifurahi. Wizara ilifungua chuo cha kuwafundisha. Mwanafunzi aliwekewa bilauri ya maji kichwani, kisha akafunguliwa nyimbo tamu kuliko zote zilizowahi kupigwa nchini. Yule ambaye maji yake yalimwagika alihamishiwa Idara ya Misitu, ambako inasemekana walipata watumishi wachangamfu sana.

*

Afisa aliyewashinda wote aliitwa Chande Lihumbo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, na maji ya bilauri yake hayakuwahi hata kutikisika. Kuna wimbo mmoja wa msiba uliowaliza wahasibu wa wizara mpaka wakaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na Lihumbo aliusikiliza mwanzo hadi mwisho akiwa na macho makavu, kisha akasema maneno ambayo aliyasema baada ya kila wimbo: "Sijaona kasoro." Kwenye wizara ile hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Tulizoea kunywa chai pamoja nyuma ya pazia, yeye na mimi, kwa sababu wote wawili tulikuwa vitu vya kupangwa. Hakuwa mzungumzaji, na mimi simwamini mtu anayezungumza sana kazini, kwa hiyo tulipatana. Ndiyo maana habari za nyumbani kwake nilizijua.

Lihumbo alikuwa na binti, Tunu. Tangu mdogo Tunu aliimba akiosha vyombo, aliimba akichambua mchele, na kila alipomaliza alikuja kwa baba yake na mikono yenye maji kumuuliza ameimbaje. Sasa, kanuni za wizara zilimkataza afisa kuonyesha kupendezwa hata akiwa nyumbani, kwa maelezo kwamba shingo ikizoeshwa haisahau. Lihumbo alimtazama mwanawe kama anavyotazama pazia, akamwambia hajaona kasoro. Mama wa Tunu alikuwa akimwambia mtoto kwamba hiyo ni sifa kubwa mno, kule kazini watu wanaililia. Lakini mtoto anayeuliza ameimbaje haulizi habari za kasoro. Tunu aliuliza miaka yote ya utoto wake, kisha siku moja hakuuliza tena. Alipokuwa mkubwa alihamia kwa shangazi yake, akajiunga na bendi, na walipokutana na baba yake kwenye korido za televisheni alimwita Afisa, kama tulivyomwita sisi wengine.

Mimi nilimwonea huruma Lihumbo, na nilimwonea huruma zaidi yule binti. Hayo si maoni, ni hisia, na kanuni za maua hazijazitaja.

*

Huku nyuma video ziliendelea kukua. Kwingineko, nasikia, mtu anayepanga video huanza na wimbo: anausikiliza, anajiuliza una kisa gani, ushutiwe wapi, nguo zipi, gitaa likilia kamera iwe kwa nani. Kwetu mwongozaji alianza na afisa. Aliyeifahamu kazi hiyo kuliko wote ni Faraji Kiluvia, mtu wa kofia ya kitambaa na kikohozi, ambaye nilimshuku tangu siku ya kwanza kwa sababu aliyapenda maua yangu.

Ilipoingia enzi ya gari la kukodi, waimbaji wote walitaka kuonekana wameegemea gari. Gari lilikuwa lilelile jeupe kwenye kila video, na wananchi walilifahamu kuliko mashemeji zao. Kiluvia alimweka afisa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa. Ilipoingia enzi ya bwawa la hoteli, afisa alisimama majini na suti yake mpaka kifuani. Kisha zikaja video za visa vya mapenzi, kijana anaachwa, binti anaondoka na mwenye pesa, mvua ya mpira wa kumwagilia bustani inanyesha dirishani. Afisa akasimama chumbani kwa wapenzi, kando ya kabati. Kuna watoto waliokua wakiamini kwamba kila ndoa ina mtu wake wa kusimama kabatini, na sina hakika kama walikosea.

Zilipokuja kamera zinazoruka, wizara iliingiwa na wasiwasi, kwani ukimwangalia mtu kutoka juu humtambui, unaona utosi. Maafisa wakapewa kofia zilizopakwa rangi nyekundu juu. Zilipokuja simu zenye kamera wasiwasi ukawa homa kabisa. Kila kijana aliweza kujipiga video chumbani kwake na maafisa hawakutosha, basi ikaamriwa kwamba pasipo na afisa, shangazi wa mwimbaji akaimu. Kwa kipindi kirefu video za nchi yetu zilijaa mashangazi waliokunja mikono nyuma ya vijana wanaoruka.

Kati ya vurugu hizo zote, Lihumbo alibaki yuleyule, na Kiluvia akagundua siri yake. Ukiweka wanenguaji wengi wanaorukaruka, katikati ukaweka mtu mmoja ambaye hatikisiki, jicho la mtazamaji litamwendea yule mmoja. Kusimama kwake ndiko kulikowafanya wengine waonekane wanacheza. Kiluvia akaanza kupanga video zake zote zikimzunguka Lihumbo, kamera ikipita taratibu kwenye viuno na mabega mpaka inatua kwenye uso ule wa jiwe. Watu wakampenda. Walimchora kwenye vioo vya vinyozi. Waimbaji wakaanza kumwomba wizarani kwa jina.

Wizara ikajiuliza kwa nini waimbaji wamwombe mtu aliyepelekwa kuwachunga. Hakuna mtu anayemwomba askari magereza kwa jina. Faili la Lihumbo likahamishwa kutoka kabati la wanaotazama kwenda kabati la wanaotazamwa.

*

Ndipo Tunu akatoa wimbo wake.

Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayempikia mtu. Anampikia kwa mikono yake, anamwandalia, mtu anakula mpaka anasafisha sahani, anafuta mdomo, anaondoka bila kusema kama chakula kilikuwa kitamu. Hakuna zaidi. Wizara iliukagua neno kwa neno ikaona ni wimbo wa mapishi, ikaupitisha kwa moyo mkunjufu. Mimi nilipousikia mara ya kwanza niliweka chini kopo la maji ya kufutia maua. Bendi nzima ilijua unaimbwa kwa nani.

Tunu hakuomba afisa kwa jina. Wizara ndiyo iliyompanga Lihumbo, kwa makusudi, ili ionekane kama atatikisika.

Kiluvia naye, ambaye wenzake wakati huo walikuwa wakirusha kamera hadi mawinguni, aliamua kurudi pale tulipoanza. Alitaka pazia la zamani, na mbele yake jiko la kawaida, meza, sufuria, na maua yangu mezani. Kamera moja, ikisogea polepole, bila kukata popote. Na hakuna kuigiza; Tunu aimbe kweli. Kilichobaki kilikuwa swali ambalo kila mpango ulianza nalo, nalo ni kwamba afisa asimame wapi. Kiluvia alimuuliza Tunu kwa adabu, maana alijua anachokiuliza. Tunu alikuwa anafunga kanga kiunoni, hakuinua macho.

"Asimame alipozoea kusimama," akasema. "Mlangoni."

Kamera ikawashwa. Nilikuwa pembeni, nimeshika waridi la akiba. Tunu aliimba akichambua mchele, akaimba akiandaa meza, na Lihumbo amesimama mlangoni kama nguzo. Ukafika ubeti wa mwisho, pale ambapo gitaa linanyamaza na yeye anabaki peke yake na sauti yake. Anasema: "Sahani imerudi nyeupe, na mimi bado nina njaa ya neno." Hapo shingo ya Lihumbo ilienda chini, ikarudi juu. Mara moja tu, kidogo tu, vile mtu anavyofanya akisikia kitu kizuri na hajui kwamba anaonekana.

Studio yote iliona, na wote tukaanza kutazama viatu vyetu. Kiluvia alikohoa. Angeweza kuomba warudie, lakini alisema imetosha, asanteni, akaiacha ile shingo ndani ya video kama ilivyo. Nilijua tangu mwanzo mtu yule si wa kuaminika.

Video ilirushwa, na kabla wimbo haujaisha nchi nzima ilikuwa inapigiana simu. Watu waliirudia sehemu ile, wakaipunguza mwendo, wakaikuza. Sokoni hakukuwa na habari nyingine: Lihumbo ametikisa kichwa.

*

Mlezi Mkuu aliunda Tume ya Kuchunguza Mwendo wa Shingo, akamteua Jaji Mstaafu Balthazar Kipepe kuiongoza. Jaji Kipepe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuzindua madaraja. Ukumbi ulipotulia, aliondoa miwani, akatuangalia mmoja mmoja kana kwamba kuna aliyemwibia.

"Tume hii haikuja kuukimbilia ukweli," akasema. "Ukweli tutaufikia kwa utaratibu. Na ukitokea ukafika kabla yetu, utasubiri nje."

Nikueleze jambo lilivyokuwa, maana hapa ndipo roho za watu zilipokuwa mikononi. Kama shingo ya afisa ilitikiswa na utamu, basi wimbo umemteka mtumishi wa umma akiwa kazini, na mwenye wimbo, yaani Tunu, anakwenda gerezani, na wimbo unafutwa kila mahali. Tunu alikuwa ameketi benchi la mbele, askari upande huu, askari upande huu. Lakini wizara nayo ilikuwa pabaya. Ikikubali kwamba Lihumbo, bora kuliko wote, anaweza kutikiswa, basi video zote zilizopitishwa na maafisa tangu enzi ya pazia zinakuwa na mashaka, na pengine hata taarifa za habari. Kwa hiyo kila mtu ukumbini alikuwa anatafuta kwa bidii kitu kingine cha kulaumu.

Walianza na wataalamu. Daktari wa mifupa alisema shingo ya binadamu ina desturi ya kwenda. Mtaalamu wa matetemeko alisema siku ile ardhi ilikuwa tulivu, akatazamwa kwa jicho baya mpaka akaomba arudi kuangalia tena vipimo vyake. Kisha Lihumbo akaitwa mbele. Jaji Kipepe aliongea naye kwa upole wa kutisha, kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango. Akamuuliza kama studio ilikuwa na joto. Akamuuliza kama mezani kulikuwa na chakula. Akamuuliza, huku akiinamisha kichwa, kama penye joto na chakula pamoja na maua hapakuwa na mdudu yeyote.

Lihumbo alimtazama binti yake. Alikuwa amevuliwa miwani ya kazi, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliyaona macho yake. Tunu alikuwa anamtazama pia, na nitakwambia nilichokiona kwenye uso wake: alikuwa mtoto mwenye mikono yenye maji, anangoja.

"Kulikuwa na nzi," Lihumbo akasema.

Ukumbi ulishusha pumzi. Makarani waliandika kwa furaha. Nikaitwa mimi nieleze habari za maua, kwa kuwa kuna mjumbe mbishi aliyeuliza inakuwaje nzi afuate plastiki. Nilijibu kwamba maua yangu yametengenezwa kwa ufundi mkubwa, na kwamba mdudu mwenye macho ya kawaida anaweza kudanganyika. Mjumbe alinikazia macho. Mimi nikamkazia yangu. Tume ikapokea.

Tunu akaachiwa palepale, na wimbo ukabaki hewani. Baba yake alikuwa amemwokoa, kila mtu aliliona hilo isipokuwa aliyeokolewa, au pengine aliliona na halikumtosha. Walipokutana koridoni alisimama mbele yake, akarekebisha kanga yake begani.

"Hongera, Afisa," akamwambia. "Hata nzi umemwona."

Akapita. Lihumbo alibaki amesimama vilevile alivyofundishwa, na mimi nilijifanya nafuta vumbi kwenye ukuta usiokuwa na vumbi.

*

Waziri wa Utulivu wa Picha alihutubia taifa. Alisema wananchi wasidanganyike, nzi yule hakuja peke yake, nzi yule alitumwa. Akaeleza kwamba kuna nzi wa ndani na nzi wa nje, na kwamba wanashirikiana. Zikafuata wiki za kampeni, wanafunzi wakagawiwa pepeo, na Bunge likapitisha Sheria ya Nzi kwa makofi. Sheria hiyo ilikuwa na jambo moja zuri ambalo nadhani lilipita kwa bahati mbaya: tangu siku ile mwimbaji hakuwa na hatia tena kwa vichwa vya watu. Kichwa kikitikisika, mwenye kichwa ndiye aliyetakiwa kueleza. Akithibitisha kuwa ni nzi, anakwenda zake. Akikiri kwamba ametikisa kwa hiari, anapelekwa Kambi ya Utulivu, ambako shingo hunyooshwa, na waliorudi kutoka huko ni wachache na hawageuki ukiwaita.

Wananchi si wajinga. Kwenye maonyesho watu walitikisa vichwa mpaka kofia zikadondoka, na maafisa walipopita kuuliza, jibu lilikuwa moja. Nzi, mkuu. Wamezidi mwaka huu. Harusini nzi, kwenye mabaa nzi, na siku moja hata kwenye mazishi ya mpiga saksofoni mmoja maarufu. Baadaye maafisa wenyewe wakaanza kusumbuliwa na nzi. Wizara ilipoona hivyo ikawaondoa, ikaleta maafisa wa boksi gumu waliokatwa kwa umbo la Lihumbo na kupakwa rangi ya suti yake. Maboksi hayana shingo, ilisema wizara. Lakini feni ya studio ikampiga mmoja wao, akayumba kwenye kiitikio, ikabidi achunguzwe.

Lihumbo mwenyewe alistaafishwa. Nilikuwa nakwenda kumwona. Tulikunywa chai, na ukutani kwake kulikuwa na picha ya Tunu iliyokatwa kutoka gazetini. Tunu hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya Tume. Nilimwambia Lihumbo aende amwambie binti yake ukweli, na kwamba nyumbani hakuna tume. Akanijibu kwamba alimkana mbele ya watu, hawezi kumkubali kisirisiri. Nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo, akasema hajaona kasoro katika maneno yangu.

*

Kisha ikatangazwa kwamba Tunu ataimba Uwanja wa Utulivu, alasiri, na kwamba Kiluvia atarekodi onyesho lote liwe video moja kubwa. Mlezi Mkuu mwenyewe angehudhuria, kwa kuwa amekuwa akisikia kwamba muziki umeshamiri chini ya uongozi wake. Nilipewa kazi ya kupamba jukwaa. Skrini kubwa ilisimamishwa pembeni, na maafisa vijana, wa nyama safari hii, wakapangwa kwenye ngazi.

Kutoka jukwaani nilimwona Lihumbo. Alikuwa amekuja na shati la kawaida la mistari, bila miwani, amekata tiketi yake kama watu, ameketi katikati kabisa ya uwanja. Nilitaka kumpungia mkono nikaona nisijitafutie makubwa.

Tunu aliimba nyimbo nyingi, na mwishoni akaimba ule wa chakula. Ulipofika ubeti wa mwisho gitaa likanyamaza. Sahani imerudi nyeupe. Uwanja mzima ukatikisa vichwa kwa pamoja, chini, juu, na hata shingo ya Mlezi Mkuu, nasema kama ilivyoonekana kwenye skrini, ilienda. Msaidizi wake akaanza haraka kumpepea kwa gazeti. Maafisa wakapanda ngazi kuuliza. Nzi, mkuu, nzi, nzi, safu kwa safu, watu wanacheka.

Afisa mmoja akafika kwa Lihumbo. Alikuwa kijana aliyefundishwa naye chuoni, na alimwinamia kwa heshima kabla ya kumuuliza. Alihitaji jibu moja tu, na kusema kweli alikuwa amekwisha kulitoa mwenyewe: "Shikamoo, mzee. Ni nzi, siyo?" Kiluvia, mtu yule wa kikohozi, alikuwa amegeuza kamera. Uso wa Lihumbo ukajaa kwenye skrini nzima.

"Marahaba," Lihumbo akasema. "Hapa hakuna nzi, bwana mdogo. Na siku ile pia hakukuwa na nzi. Huyu ni mwanangu anaimba, na anaimba vizuri."

Yule kijana alimwomba, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti cha kamera kiliinasa, afikirie tena, labda nzi alikuwa mdogo sana. Lihumbo akamwambia ameshafikiria miaka mingi. Wakamshika mkono mmoja huku na mmoja huku, wakamwinua. Kule jukwaani Tunu alikuwa ameshusha kipaza sauti kifuani. Alikiinua tena, nikasikia neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake ndani ya jengo la televisheni.

"Baba," akasema, na sauti ikajaa uwanja. Kisha akarudi mwanzo wa ubeti ule, bila gitaa, akamwimbia. Lihumbo aliteremka ngazi katikati ya maafisa akiwa anatikisa kichwa njia nzima, taratibu, bila kuficha, mpaka mlangoni, mpaka kwenye gari, na kupitia kioo cha nyuma tuliona bado anatikisa.

Video ile haijarushwa. Wizara inasema inapangwa. Tunu huenda kwenye geti la Kambi ya Utulivu kila siku ya kutembelea, anarudishwa, anakwenda tena, na wanaokaa jirani wanasema huwa anaimba pale nje kabla ya kuondoka. Hawajui kama baba yake anamsikia huko ndani. Mimi najua anasikia.

Sasa umemaliza kusoma, na bado sijajua umetumwa na nani. Kama hukutumwa, nenda salama. Kama umetumwa, waambie waliokutuma kwamba umemkuta yule mtu wa maua, na kwamba hakuulizwa lakini amesema. Maua yangu ni ya plastiki. Miaka yote niliyoyafuta vumbi, hajawahi kutua nzi hata mmoja.